Kasha la Herufi

Mtu asomaye kitabu haoni herufi. Macho yake huzipitia kama mguu upitiavyo njia uliyoizoea, na fikira zake zimo katika habari, si katika wino. Huziona herufi siku zile tu zimleteapo taabu: zikiwa ndogo mno, au zimesongamana, au neno limekatwa mahali pasipofaa. Ndipo asemapo, "Kitabu hiki kimepigwa chapa vibaya." Lakini kila herufi iliyo katika ukurasa huu ilitengenezwa na mtu. Yuko mtu aliyekaa akafikiri tumbo la herufi b liwe kubwa kiasi gani, na mkia wa g ushuke mpaka wapi, na nafasi kati ya herufi na jirani yake iwe nyembamba au pana. Kazi hiyo ni ya zamani. Habari zake katika nchi za Afrika ya Mashariki zafaa kujulikana na kila mtoto ajuaye kusoma, maana zina ugomvi ndani yake, na ugomvi huo haujakwisha.

Katika Ulaya, Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, alianza kupiga chapa kwa herufi za madini karibu na mwaka 1450, na Biblia yake ilikuwa tayari karibu na mwaka 1455. Hakuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Katika Uchina, Bi Sheng alifanya herufi za udongo wa kuchoma karibu na mwaka 1040, na katika Korea kilipigwa chapa kitabu kwa herufi za madini mwaka 1377. Kitabu hicho kipo hata leo. Lakini njia ya Gutenberg ndiyo iliyofika pwani ya Afrika ya Mashariki, nayo ilikuwa hivi. Risasi iliyochanganywa na bati na madini ya antimoni iliyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu ndogo, na kila mmimino ulitoa herufi moja iliyosimama juu ya kijiti cha risasi, imegeuka kama uso wa mtu katika kioo. Herufi hizo zilitiwa katika kasha pana lenye vyumba vingi vidogo. Mpangaji alisimama mbele ya kasha, ameshika kijisanduku cha chuma katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia aliokota herufi moja moja akazipanga ziwe maneno, na maneno yawe mistari. Alisoma mambo yaliyogeuka. Herufi b ilimwonekania kama d, na p kama q, na kijana mgeni aliyezichanganya alisikia maneno makali kwa fundi wake. Ukurasa ukiisha kupangwa ulifungwa kwa nguvu katika fremu ya chuma, ukapakwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake. Kazi ikiisha, herufi zilioshwa, kila moja ikarudishwa chumbani mwake, ili ifanye kazi tena katika ukurasa mwingine.

Sasa angalieni neno hili, maana ndilo kiini cha habari. Vyumba vya kasha havikuwa sawa. Chumba cha e kilikuwa kikubwa kuliko vyote, tena katikati, karibu na mkono. Vyumba vya k, z, j, x na q vilikuwa vidogo, pembeni. Kwa nini? Kwa sababu kasha lilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na katika Kiingereza e hutumika kila mahali, bali z ni mgeni wa nadra.

Iko hesabu moja inayojulikana sana. Katika miaka ya 1830, Samuel Morse na wenziwe wa Marekani walipokuwa wakitunga alama za simu za nukta na mistari, walitaka kujua ni herufi gani zitumikazo zaidi, ili zipewe alama fupi. Hawakusumbuka kuhesabu vitabu. Walitazama kasha la mpiga chapa. Hesabu yao ilitaja e 12,000, t 9,000, a 8,000. Lakini k zilikuwa 800 tu, na z 200. Ndiyo maana hata leo e katika alama za Morse ni nukta moja tupu.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja, na kazi ya kupiga chapa ikaanza katika misioni yao. Steere aliijua kazi ya chapa kwa mikono yake mwenyewe, na vijana waliokombolewa katika utumwa walifundishwa kupanga herufi. Watoto hao walikuwa wametekwa bara, wametembezwa mpaka pwani, wamesafirishwa katika majahazi; nao wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kukipanga Kiswahili kwa herufi za risasi. Mwaka 1888 gazeti dogo liitwalo Msimulizi lilianza kutoka huko Kiungani. Sifa za wamisionari zimeandikwa mara nyingi. Za wale vijana waliosimama mbele ya kasha zimeandikwa kidogo sana, na hilo si haki.

Kasha lao lilikuwa la Kiingereza. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mtoto atakaye kuona shida yao na achukue sentensi moja tu, kama hii: *Mwalimu alikwenda sokoni Pasua kununua chaki na kalamu za kufundishia wanafunzi wake.* Ahesabu. Ataona herufi 73. Katika hizo a ni 15, u ni 9, k ni 7. Herufi e, mfalme wa kasha la Kiingereza, imeonekana mara 2 tu, sawasawa na z. Na t, ya pili kwa wingi katika hesabu ile ya Morse, haimo kabisa. Sentensi moja si ushahidi wa lugha nzima, kweli. Lakini mtu na afungue kitabu chochote cha Kiswahili ahesabu ukurasa, naye ataona a inaongoza, na k si mgeni tena bali ni mwenyeji aingiaye kila nyumba: kwa, katika, kama, kila, kuwa, hakika.

Basi mpiga chapa mwenye kasha la Kiingereza, afanyaye kazi ya Kiswahili, chumba cha a humwishia mkononi huku chumba cha e kimejaa. Afanye nini? Desturi ya wapiga chapa wadogo ilikuwa kupanga kurasa chache, kuzipiga chapa, kuziosha, kuzirudisha herufi kasheni, kisha kupanga kurasa nyingine. Au waliweka herufi nyingine, imepinduliwa kichwa chini, ishike nafasi mpaka a ipatikane. Au waliagiza a na k zaidi kwa kiwanda cha Ulaya, wakangoja merikebu. Kila njia ilikula siku. Na kitabu kilichochelewa kilimchelewesha mtoto aliyekingoja.

Wako wasemao kwamba kabla ya chapa Kiswahili hakikuandikwa. Si kweli. Kwa muda wa miaka mingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu na wino, katika Pate, Lamu, Mombasa na Unguja. Tendi ndefu na mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa hivyo. Herufi hizo zilikuwa na uzuri wake na taabu zake. Kiarabu kina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano. Na sauti za p, ch na v hazina herufi zake katika Kiarabu cha kawaida, hata waandishi wakabuni nukta za kuongeza, kila mmoja kwa desturi yake. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa na mtambo wake wa chapa, nao ulitoa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria. Hivyo kisiwani kimoja mitambo ya namna mbili ilifanya kazi, mmoja ukienda kulia kwenda kushoto, wa pili kushoto kwenda kulia.

Herufi za Kirumi nazo hazikuja na mapatano. Wajerumani, walipoandika jina la mji ulio chini ya Kilimanjaro, waliandika Moschi. Na Wachaga waliwaandika Dschagga. Herufi nne, d, s, c na h, kwa sauti moja! Mpangaji wa chapa aliona taabu hiyo vidoleni mwake, maana kila herufi ya ziada ni safari moja ya mkono kwenda kasheni na kurudi. Steere alishika njia nyepesi: konsonanti zisomwe karibu na Kiingereza, irabu zisomwe kama Kiitaliano. Njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikawekwa kamati ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, kusimamia lugha na maandishi yake. Katika miaka ile ile wataalamu wa London walikuwa wakiwashauri Waafrika watumie abjadi mpya yenye herufi za pekee, kama n yenye mkia kwa ile sauti ya kwanza ya neno ng'ombe. Lugha nyingine za Afrika ziliipokea, na Kiewe cha Afrika ya Magharibi huitumia hata leo. Kiswahili hakikuipokea. Kiliona bora kushika herufi zilizomo katika kila kasha na kila mashine ya kuandikia, na kuongeza kialama kidogo juu ya mstari.

Kialama kile ni kidogo, lakini kina kazi kubwa. Kung'oa ni kutoa jino au kisiki. Ngoa, pasipo kialama, ni neno jingine la zamani, maana yake tamaa au wivu. Msomaji mzoefu atabahatisha. Msomaji mgeni, au mtoto, atakwama.

Kwa muda mrefu mambo hayo yalikuwa ya wapiga chapa tu. Kisha uchoraji wa herufi na alama ukaingia katika mambo ya watu wote. Katika Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887 likajulikana kwa kanga zake zenye alama ya Mali ya Abdulla. Na kanga ni ukurasa kamili, yenye pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini yake, yaani maneno yenyewe. Mwanamke anunuaye kanga huchagua maneno na rangi pamoja, wala hakubali kimoja kiharibu kingine. Watengenezaji wengi wa vitabu wangefaa kwenda kusimama katika duka la kanga nusu saa.

Jambo kubwa kuliko hayo lilitokea mwaka 1965. Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja, na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Karatasi ya kura ingekuwa na majina mawili. Asiyejua kusoma angechaguaje? Basi wagombea wawili wa jimbo waligawiwa alama mbili, mmoja jembe, mwenziwe nyumba. Alama zilichorwa nyepesi, pasipo kivuli wala urembo, ili jicho lolote lizitambue hata karatasi ikiwa imekunjwa au chumba kikiwa na giza. Lakini alama haikai kimya. Watu wakaanza kuzitafsiri: jembe ni chakula, jembe ni kazi, hakuna nyumba pasipo jembe, na wengine wakajibu kwamba mkulima naye jioni hurudi nyumbani. Mchoro wa mistari michache ulibeba kura ya mtu. Mchoraji wa namna hiyo ana madaraka makubwa kuliko adhaniavyo.

Na sasa yafaa kwenda Pasua.

Pasua ni kata ya mji wa Moshi, upande wa kusini, jirani na Bomambuzi. Asubuhi, mawingu yasipokuwapo, Kibo huonekana juu ya mabati ya nyumba, nyeupe na mbali. Nyumba zimekaribiana, soko lina watu tangu mapema, na karibu kila ukuta unaotazama njia una maneno: duka la dawa, kinyozi, fundi cherehani, mama lishe, mashine ya kusaga. Penye kinyozi huchorwa kichwa cha kijana na mashine ya kunyolea. Penye fundi wa baiskeli, gurudumu. Asiyejua kusoma hapotei.

Alikuwako huko fundi mmoja mzee aliyefanya kazi ya kuandika mabango kwa mkono. Kazi yake ya kwanza katika ujana ilikuwa kutia alama magunia ya kahawa, ile kahawa ya milimani ambayo wakulima Wachaga waliiuza kwa umoja wao wa KNCU tangu mwaka 1933. Magunia hayaandikwi kwa brashi. Hukatwa bati au karatasi nene, herufi zikawa matundu, na wino ukapakwa juu. Hapo ndipo alipojifunza kwamba O ya tundu haiwezi kuwa duara zima, kwa kuwa kipande cha katikati kitaanguka. Lazima yaachwe madaraja mawili madogo ya kukishika. A, B, D, P na R ni vivyo hivyo. Mtu aonaye gunia akadhani mikato ile ni mapambo hakosi uzuri wake, ila hajui kwamba ni dawa ya tatizo.

Alipohamia kuta na mbao, mzee huyo alijifanyia sheria zake. Alinyosha uzi uliopakwa chaki, mjukuu wake akashika ncha ya pili, akauvuta kidogo na kuuachia, nao ukapiga mstari ulionyoka ukutani. Mstari wa pili akaupiga chini yake. Kisha alihesabu herufi za neno, lakini hakuzigawia nafasi sawa: I alimpa nafasi nyembamba, M na W akawapa pana. Herufi O aliipitisha nje ya mistari kidogo, juu na chini. Mjukuu alipomwuliza siku ya kwanza, "Babu, mbona umevuka mstari?" alimwambia asogee hatua kumi nyuma atazame. O iliyovuka ilionekana sawa na jirani zake. O iliyokaa ndani ya mstari, ambayo mzee aliichora kando kwa chaki, ilionekana imesinyaa. Jicho halipimi kama rula. Duara hugusa mstari mahali padogo tu, na kwa hiyo huonekana fupi. Watengenezaji wa herufi za vitabu walilijua jambo hilo zamani, na mzee wa Pasua hakufundishwa nao. Alilipata kwa kusogea nyuma.

Ninyi msomao, kipindueni kitabu hiki kichwa chini mtazame S na 8. Mtaona kichwa kizito na miguu midogo. Ndivyo zilivyofanywa: tumbo la chini ni kubwa kidogo kuliko la juu, maana yakilingana kwa rula, macho huona la juu limelemea. Kwa mikono ya mzee S ilikuwa ya mwisho kufundishwa.

Rangi zake zilikuwa rangi za mafuta za kawaida, zile zipakwazo milango na baiskeli. Na rangi za namna hiyo, yafaa kukumbuka, ndizo alizotumia Edward Saidi Tingatinga katika Dar es Salaam tangu mwaka 1968, hata jina lake likawa jina la uchoraji mzima. Mzee hakujiita msanii. Alijiita fundi.

Hata mashine zikaja. Duniani zilikuwa zimekwisha kuja kwa hatua: mwaka 1886 ile mashine ya Linotype, iliyomimina mstari mzima wa risasi mara moja, baadaye herufi za picha, na tangu katikati ya miaka ya 1980 kompyuta ya mezani, ambayo mtu mmoja aweza kupanga nayo kitabu kizima. Kasha likaondoka. Katika kompyuta a haziishi. Mwenye kutaka milioni apate milioni. Kwa jambo hilo Kiswahili kilipata uhuru ambao vijana wa Unguja hawakuuota. Katika mji wa Moshi, kama katika miji yote, zilifunguliwa nyumba za kupiga chapa mabango makubwa ya plastiki, yenye picha na rangi za kila namna, na bango huwa tayari siku ile ile.

Wateja wa Pasua walikwenda huko, wala hawakufanya vibaya. Mwenye duka ana pesa kidogo na haja ya haraka. Mzee, aliyekuwa akipata ukuta mmoja kila juma, akawa anakaa mwezi mzima anaosha brashi ambazo hazikutumika.

Siku moja mama mmoja auzaye maziwa alimjia na bango lake jipya la plastiki limekunjwa kwapani. Alimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikiwa, kisha akalikunjua. Liliandikwa MAZIWA YA NGOMBE, pasipo kialama, na herufi zilikuwa zimebanwa na kompyuta pande zote mbili ili zienee, hata zikawa ndefu na nyembamba kama watu waliougua.

"Watoto wa shule wananicheka, babu," akasema. "Niwekee kile kialama."

Mzee alilipapasa bango kwa kidole. "Rangi yangu haishiki hapa, mama. Itabanduka kabla ya mvua."

"Basi niandikie jipya, la ubao."

Aliandika. Kazi ilichukua siku mbili. Lakini mzee alijua kwamba mama yule hakuja kwa kupenda brashi. Alikuja kwa kuwa mashine ilikosea, na mashine iwezayo kukosea yaweza kusahihishwa kesho. Kosa lenyewe halikuwa la chuma. Lilikuwa la mtu aliyekaa mbele yake bila kukitazama Kiswahili. Na si kialama tu. Kompyuta iliyowekewa kanuni za Kiingereza hukata maneno ya Kiswahili mwisho wa mstari kama mchinjaji asiyejua viungo: hukata wanaf-unzi, hali ulimi wa Mswahili wakata wana-funzi, kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia katika irabu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na safu za magazeti ni nyembamba. Asiyejua kukata huacha mapengo meupe katikati ya mistari, kama meno yaliyong'oka. Kasha la risasi limetoweka, lakini fikira za kasha, kwamba lugha ya mwenye kiwanda ndiyo kipimo cha lugha zote, zimebaki ndani ya mashine. Wako Waafrika waliolitambua hilo. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe alianzisha katika Harare mwaka 1999 chuo cha kufundisha uchoraji wa herufi na alama, na mwaka 2004 akatoa kitabu juu ya abjadi walizobuni Waafrika wenyewe.

Mjukuu wa mzee alikuwa ametimiza miaka kumi na saba, na alikwisha kujifunza kompyuta mjini. Nyumbani kulikuwa na mashaka. Mama yake alitaka aache brashi kabisa, maana brashi haikuwa ikileta unga. Mzee hakumpinga binti yake. Hesabu ya nyumba ilikuwa upande wake. Jioni ile ya bango la maziwa kijana aliingia, akaketi karibu na makopo ya rangi, akasema, "Babu, herufi zako zaweza kuingia katika mashine. Uzichore kubwa juu ya karatasi, moja moja, nizipige picha, nizisafishe katika kompyuta. Kisha mtu akiandika bango lolote, litatoka kwa mkono wako. Na kialama cha ng' tutakifanya kikubwa, kisionekane kama takataka."

Mzee alinyamaza kitambo. Akauliza kama herufi hizo zitabanwa na watu kama zile za bango la maziwa. Kijana alikiri kwamba watu watazibana, mashine huwaruhusu. Akauliza nani atalipwa. Kijana alisema kwamba yaweza kupatikana kidogo, lakini wengi watazichukua bure. Mzee akacheka, akasema kwamba hata ukutani watu walizinakili bure, na wengine walizinakili vibaya.

Ndipo aliposimama akashusha kipande cha ubao mweusi na chaki. "Mkono wangu unatetemeka sasa," akasema. "Hutaingiza mtetemeko wangu katika mashine. Utachora wewe, nami nitasema ndiyo au siyo. Tutaanza na a ndogo."

"Mbona si herufi kubwa, babu? Mabango yote ni herufi kubwa."

"Hesabu bango lolote. Ni ipi iliyo nyingi? Ikiwa a ni mbaya, ukuta mzima ni mbaya. Ikiwa q ni mbaya, nani atajua?"

Kijana alichora. Ya kwanza ilikuwa na tumbo kubwa mno, ikafutwa. Ya pili ilisimama wima lakini shingo yake ilikuwa fupi. Mama yake alipita na maji, akatazama, asiseme neno. Mzee alikuwa akisogea nyuma mpaka mlangoni kila mara, akifumba jicho moja, akirudi kufuta. Mpaka taa ilipowashwa kijana alikuwa amechora a zaidi ya arobaini, na babu yake alikuwa amezikubali tatu. Herufi ya k iliachwa mpaka kesho yake.